Stempu za Sadaka Kwenye Bahasha za Kaka

Tarehe 16 Julai 2011, Jumamosi, Nakivale. Jua tangu asubuhi, upepo unatoka upande wa ziwa, vumbi linaingia hata ndani ya sufuria iliyofunikwa. Ndivyo nilivyoandika kwenye daftari siku ile, na chini yake: "Leo lazima nizirudishe." Kisha niliacha mistari mitatu wazi, sijui kwa nini. Daftari hilo liko mbele yangu sasa. Yale ambayo halisemi nayajaza kutoka kichwani, na kichwa changu si cha kuaminiwa sana. Niliishia darasa la sita.

Za kurudisha zilikuwa picha tisa ndogo za karatasi, kila moja kwenye bahasha yake. Mimi ndiye niliyezitoa.

Nianze na bahasha. Vita vilipotufikia kwetu Kongo mwaka 1996, kaka yangu mkubwa alivuka ziwa Tanganyika akafikia kambi ya upande wa Kigoma. Mimi na mama tulikimbilia milimani, na baada ya kuzunguka miaka mitatu tukajikuta Uganda, kwenye kambi hii ya wakimbizi ya Nakivale. Watu wa kanisa ndio waliotuunganisha naye. Tangu mwaka 2000 barua zake zilikuwa zinafika kwenye sanduku la kanisa moja la Nyamitanga, mjini Mbarara ng'ambo ya mto Rwizi, na katekista mmoja alikuwa anatuletea mpaka nyumbani. Zilifika tisa. Kisha hazikufika tena.

Kaka alipata kazi ya kufagia kwenye zahanati ya wagonjwa wa kifua kikuu. Wageni walikuwa wanaacha pale karatasi za picha ndogo zenye gundi nyuma, zinazofanana kabisa na stempu, na kaka alikuwa anabandika moja kwenye kila bahasha, ubavuni mwa stempu ya kweli. Alifanya hivyo kwa ajili ya mama. Mama hajui kusoma. Barua zote zilikuwa na mwandiko uleule na bahasha ileile nyeupe, lakini mama alizijua moja moja kwa picha zake. Barua ya mshumaa ndiyo ilisema kaka ameponyoka malaria. Barua ya kengele ilisema ameoa, na barua ya kengele mbili ikasema mke ameondoka. Alikuwa anafungua kopo la maziwa ya unga anamozitunza, anachagua moja, ananiletea: "Nisomee ya mushumaa." Hakukosea hata siku moja. Mimi mwenye kusoma ndiye niliyekuwa nazichanganya.

Barua mbili kati ya hizo ndizo zilizotuletea shida. Ya nyumba yenye theluji juu ya paa, ambayo mama aliiita barua ya nyumba ya unga, ilisema: "Nimechoka kuwa mgeni. Ninarudi kuangalia nyumba ya baba, kama paa liko bado." Ya ndege mwekundu ilisema: "Mama, usihame hapo ulipo. Nikipata njia ninakuja huko. Nitauliza jina lako kuanzia barabara kubwa." Kaka hakuwa mtu wa kuandika tarehe. Alikuwa anaandika "leo", basi. Mihuri ya posta ilikuwepo juu ya bahasha, midogo na iliyofifia, lakini sikujua kwamba ina tarehe.

Mama alisema ya ndege ndiyo ya mwisho. Mimi nilisema ya nyumba. Sikuwa na hakika. Nilikumbuka tu kwamba baada ya kuisoma ya nyumba nililia, na sikumbuki kulia tena juu ya barua nyingine. Huo si ushahidi, najua.

Ubishi huu haukuwa wa kupitisha muda. Wakati huo nilikuwa nashona Mbarara, kwenye baraza la duka la vitambaa, na nilikuwa nakuja Nakivale kila Jumamosi. Magoti ya mama yalikuwa yamechoka. Mwaka uliotangulia alianguka kwenye foleni ya posho, na mtu wa kumwinua akawa jirani yetu, mjane kutoka Burundi, ambaye naye ana mgongo mbovu. Nilipata vyumba viwili Kakiika, hukohuko Mbarara, na bomba la maji uani. Nilimwomba mama ahamie kwangu. Akakataa.

"Nitaenda Mbarara kufanya nini? Akifika hapa akute fasi iko wazi, ataulizia nani?"

"Mama, alisema anarudi Kongo."

"Alisema hivyo mbele. Nyuma akasema anakuja. Ya ndege ndiyo ya mwisho, nilikuambia mara mingi."

Mambo yalisimama hapo. Kama ya nyumba ndiyo ya mwisho, basi kaka alikwenda zake nyumbani, na mama angeweza kufunga mlango na kuja kwangu. Kama ya ndege ndiyo ya mwisho, alituambia tusihame.

Sasa niseme nilichofanya, bila kujipunguzia. Mjini niliambiwa kuna haji mmoja, fundi saa karibu na soko, ananunua stempu za zamani, lakini anazitaka safi, zisizo na karatasi nyuma. Vile vyumba vilihitaji kulipiwa mbele. Jumamosi moja mama alikuwa kanisani. Nilitoa barua kwenye bahasha ili zisilowe, nikaziweka pembeni, nikazitia bahasha zote tisa kwenye beseni la maji ya vuguvugu. Baada ya nusu saa kila kitu kilichobandikwa kilielea juu chenyewe. Stempu za Tanzania pamoja na zile picha, sikutofautisha, niliona zote ni stempu. Nilizianika juu ya gazeti, nikazikandamiza chini ya Biblia. Bahasha nilizikausha, nikarudisha barua ndani jinsi zilivyonijia mkononi.

Sikumwibia mama. Lakini sikumuomba pia.

Jioni alifungua kopo. Alitoa bahasha moja, akaigeuza, akatoa nyingine. Kila moja ilikuwa na vidirisha viwili vyeupe pale palipokuwa na rangi.

"Haya ni mabarua ya nani?"

"Ni zetu, mama. Maneno ya kaka yote yamo ndani."

"Yangu iko na ndege. Hii haiko na kitu." Alizipanga juu ya kanga, zote tisa, akazitazama kama mtu aliyeonyeshwa watoto wa jirani. "Umenitoboa macho, mutoto wangu."

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

Jumatatu nilikwenda kwa haji. Kwa nini nilikwenda hata baada ya hayo? Nilijiambia kwamba kosa limeshafanyika, basi lizae kitu. Alikuwa mzee mwenye asili ya Bukoba, na Kiswahili chake kilinifanya niogope kufungua mdomo.

"Mama Kongo, umeniletea dhahabu?"

"Stempu, haji."

"Nyinyi mkileta dhahabu mnasema mawe, mkileta mawe mnasema dhahabu. Haya, mwaga."

Alibana jichoni kile kioo cha kukuza cha fundi saa, akaanza kuzigawa kwa koleo, bila kuzigusa kwa kidole. Kulia kwake wakaenda wanyama, maua na vichwa vya wakubwa. Kushoto ikaenda mishumaa, kengele, ile nyumba, yule ndege.

"Za kulia, nchi inazijua. Jina la nchi lipo, bei ipo. Sasa hizi za kushoto, nitafutie jina la nchi."

Nilitafuta. Hakuna.

"Nitafutie bei."

Hakuna.

"Angalia pembeni, chini."

Palikuwa na msalaba mdogo wenye mikono miwili, mmoja juu ya mwingine. Nilikuwa nimeuona miaka yote hiyo nikadhani ni urembo.

"Huo ni alama ya wagonjwa wa kifua. Hizi ni stempu za sadaka. Mtu anatoa alichonacho kwa ajili ya wagonjwa, anapewa picha abandike kwenye barua yake. Posta haiikatai wala haiihesabu. Ukibandika hii peke yake, barua yako haivuki hata Rwizi."

"Kwa hiyo haina thamani."

"Nimesema hivyo? Ikiwa imebanduliwa hivi, ni picha tu, mpe mtoto achezee. Lakini ikiwa juu ya bahasha yake, na muhuri wa posta umepita nusu juu yake na nusu juu ya karatasi, hapo kuna watu wanaitafuta, maana inajulikana ilisafiri kweli, lini, kutoka wapi." Alitoa kioo jichoni. "Wewe umeiogesha."

Niliona aibu. Ili nisinyamaze, nikamwonyesha ile nyumba. Kwenye kona yake palichapwa 1998. Nikauliza kama huo ndio mwaka wa barua.

"Wewe unafanya kazi gani?"

"Ninashona."

"Basi jijibu mwenyewe."

Nilifikiri. Nikasema labda ni kama kile kitenge cha sikukuu ya wanawake, kinachochapwa mwaka. Unajua gauni halikushonwa kabla ya mwaka ule, lakini mtu anaweza kukitunza sandukuni akakishona miaka kumi baadaye.

"Ehee! Kumbe akili unazo, ila umezitumia baada ya beseni."

Tulicheka wote wawili. Kisha nikamweleza habari ya mama. Sikupanga kumweleza, yalitoka tu. Haji aliacha mzaha. Alimchukua yule ndege kwa koleo, akanipa kioo nitazame mimi. Kwenye bawa palikuwa na kipande cha mstari mweusi uliopinda, na mguu mmoja wa herufi.

"Huu ni ukingo wa muhuri. Mwenzake uko kwenye bahasha, na tarehe iko kwenye bahasha. Maji yako hayakuufuta. Zibebe zote, na hizi za kulia pia, usiniuzie hata moja. Mrudishe kila mtoto kwa mama yake. Siku ukitaka kuuza, njoo na bahasha nzima tuzungumze."

Angeweza kuzinunua zote siku ile kwa bei ya soda na mimi nisingejua. Naandika hili kwa sababu jirani yetu alisikia habari ya haji akasema wafanyabiashara wa mjini wote ni wezi. Huyu aliniazima hata kioo chake, nami nilikirudisha kikiwa kizima.

Basi ikafika Jumamosi ile ya upepo. Nilifunga mlango ili vumbi na upepo visinichezee, nikatandika mkeka chini ya dirisha. Mama alikaa kwenye kigoda karibu yangu. Jirani alikuja, akausukuma mlango na kusimama hapo na sufuria yake tupu mkononi.

"Fundi wa nguo, leo unashona makaratasi?"

"Leo ninashona makaratasi, mama."

"Usisahau kuweka mifuko."

Akaingia, akaketi.

Mwanzo haukuwa mgumu. Picha za kaka hazikuwa za ukubwa mmoja, na kila bahasha ilikuwa imebaki na kidirisha cheupe cha kipimo chake. Ya mshumaa ilikuwa ndefu na nyembamba. Za kengele zilikuwa za mraba. Nilikuwa naweka picha juu ya kidirisha, nabana kioo jichoni, naisogeza hadi mstari wa muhuri unaotoka kwenye karatasi uingie kwenye picha bila kukatika. Ni kama kulinganisha maua ya kitenge kwenye mshono wa mgongo: ukikosea kwa uzi mmoja, macho yanajua. Kila nilipoipata moja, mama alikuwa anaitaja kabla sijauliza, na mimi nilikuwa natafuta barua yenye maneno yake katika rundo la zile nilizokuwa nimezitoa tena kwenye bahasha. Ya mshumaa, malaria. Ya kengele, harusi. Mama alikuwa anapokea, anainusa, anaiweka pajani.

Alasiri zikawa zimebaki mbili. Ndege na nyumba. Na ubaya wake, hizo mbili zilikuwa na kipimo kimoja, labda zilitoka kwa mchapaji mmoja. Bahasha zilizobaki zilikuwa mbili vilevile. Zote zilikuwa na muhuri wa Kigoma. Moja tarehe yake ilikuwa ya Oktoba 2003, nyingine ya Februari 2004.

Hapa lazima niandike nilichokitaka. Nilitaka nyumba ikae kwenye bahasha ya Februari. Nilitaka mama aje Kakiika, aoge maji ya bomba, nisiwe napanda gari kila Jumamosi nikijiuliza nitamkuta amekaa au ameanguka. Na nilitaka kitu kingine, kibaya zaidi. Nilitaka kuacha kungoja. Kaka ndiye aliyenifundisha kuandika jina langu, kwa kijiti, kwenye majivu ya jikoni, na miaka ile yote kila mwanaume mrefu aliyeshuka kwenye gari mbele ya duka letu nilimtazama miguu kwanza, maana kaka anatembea akitupa mguu wa kushoto nje. Kama alirudi nyumbani, basi yuko nyumbani, mzima au amezikwa, na mimi naweza kuwatazama watu usoni kama wengine.

Kwa hiyo nilimjaribu ndege kwenye bahasha ya Oktoba kwanza. Mstari ulikuja vizuri, ukakaribia sana kuungana. Ulibaki kama unene wa unywele. Nilimsukuma kidogo kwa ukucha. Sasa uliungana juu, lakini chini ukapishana. Nikamzungusha kidogo. Nilijiambia kwamba karatasi ikilowa hunyumbuka, kwa hiyo haiwezi kulingana kabisa, na hilo ni kweli, kitambaa pia hufanya hivyo. Lakini zile saba za kwanza zililingana kabisa, nazo zililowa kwenye beseni lilelile.

"Imekubali?" mama akauliza.

Ningesema ndiyo, yamekwisha. Yeye asingeweza kuona. Jirani asingeweza kuona. Labda hata haji angesema ni karibu.

"Bado," nikasema.

Nilimhamishia kwenye bahasha ya Februari. Kwenye karatasi ile palikuwa na herufi za Kigoma, na ile M ilikuwa na mguu mmoja tu, umekatwa na ukingo wa kidirisha. Nilimshusha ndege taratibu. Mguu wa pili wa M ulikuwa kwenye bawa lake. Mstari ukazunguka, ukapita karatasi, ukapita bawa, ukarudi kwenye karatasi, haukukatika mahali popote. Kisha nikaijaribu nyumba kwenye Oktoba, nayo ikakaa kama kitasa kwenye mlango wake.

Nilitoa kioo. Jicho lilikuwa linatoa machozi, na sisemi ni kwa sababu ya kioo tu.

"Mama, ulisema kweli. Ya ndege ndiyo ya mwisho. Aliiandika miezi minne baada ya ya nyumba."

Nilifikiri angefurahi au angenicheka. Alinyoosha mkono, akaomba apewe bahasha na ndege juu yake, bila gundi, akaishika kwa viganja viwili kama mtu anayebeba maji.

"Alisema tusihame," akasema.

"Alisema hivyo. Lakini mama, na mimi niseme la kweli upande mwingine. Imepita miaka saba. Karatasi hii inatuambia alichokitaka Februari ile. Haituambii kama alianza safari."

"Najua."

"Haituambii kama yuko."

"Najua, mutoto. Mimi siko mujinga, siko tu na kusoma." Jirani alitazama chini, mama akanigeukia. "Wewe ulipotea mulimani siku tatu, unakumbuka? Batu bote banasema twende, maaskari banakuja. Mimi nikakaa fasi moja kando ya jiwe. Ulirudi wapi? Si pale?"

Nakumbuka jiwe. Siku tatu sizikumbuki, nilidhani ni usiku mmoja.

"Utakaa, basi," nikasema.

"Nitakaa. Na wewe utachoka kuja."

"Nitachoka."

"Njoo umechoka."

Jirani akaingilia. Alisema yeye hana mwana wa kungojea wala barua, kwa hiyo foleni ya posho aachiwe yeye, mama asimame tena kwenye foleni siku atakapokuja huyo kaka, ili wampigie makofi. Mama akamwambia, "Mgongo wako utakatika kama kijiti." Akajibu, "Ukikatika utanibandika na wewe."

Nilikoroga unga wa muhogo kidogo na maji kwenye makaa mpaka ukawa gundi, nikazibandika zote, stempu za nchi na za sadaka. Ya ndege nilimwachia mama aikandamize mwenyewe kwa kidole gumba. Alimkandamiza muda mrefu kuliko gundi ilivyohitaji. Kisha nilitoka nje penye mtandao, nikampigia mwenye nyumba wa Kakiika, nikamwambia ampe vyumba mtu mwingine. Aliuliza kama ni bei. Nikasema si bei. Sikujua niseme ni nini, nikasema ni mambo ya familia, naye akanitakia heri, hakuwa na ubaya.

Jioni tulikula bugali ya muhogo na lengalenga, mchicha wa kwetu, na sato mmoja mdogo wa ziwani tuliyemgawana watatu. Jirani alichukua kichwa.